Shajara ya shamba darasa la muhogo, Newala

Novemba, kabla ya mvua

Eneo limepatikana: kipande nyuma ya maabara ya shule, mchanga mwekundu wa huku kwetu, mikorosho upande mmoja na uzio wa minyaa upande wa pili. Klabu ya sayansi imekubali kulima muhogo kwa ajili ya somo la baiolojia. Mwalimu mwenzangu wa kilimo bado haamini, maana kwake yeye vijana hawa wakisikia jembe hutafuta pa kujificha.

Mradi wenyewe ni huu. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanakijua kirusi kwa sura moja tu: kinaingia kwenye seli, kinazaliana, seli inakufa, basi. Ni kweli, ila hadithi haiishii hapo. Kirusi tunachokiona leo kimechongwa na seli zilizokikataa, na seli iliyo hai leo imechongwa na virusi vilivyoshindwa kuimaliza. Nataka walione hilo kwenye mmea wanaoula kila wiki. Mwisho wa mradi tuwe na vitu viwili: shamba lililovunwa, na mchoro mkubwa kwenye ukuta wa maabara.

Tutapanda aina tatu. Albert, ambayo hushikwa upesi na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ugonjwa wa kirusi unaoharibu mizizi. Kiroba, inayoshikwa lakini inavumilia. Namikonga, inayokataa kuliko hizo mbili. Mzazi mmoja ameuliza kama tunaleta ugonjwa shuleni. Hatuleti, upo. Albert zetu zinatoka mashamba ya jirani, na pingili zenye michirizi kwenye gome tumeziacha hukohuko.

Desemba, wiki ya kupanda

Mvua imenyesha vya kutosha. Tumepanda kwa sesa, mita moja kwa mita moja.

Kazi ya kukata pingili aliipata kijana mmoja wa kidato cha tatu ambaye mkono wake hautetemi. Panga linapopita, utomvu mweupe unachuruzika mara moja kwenye kingo za jeraha, sehemu ya katikati inabaki kavu na nyeupe. Nikamwambia akavunje kijiti cha mnyaa pale uzioni. Utomvu uleule, mweupe vilevile. Muhogo na mnyaa ni ukoo mmoja, Euphorbiaceae. Nimewaambia waliandike hilo pembeni mwa daftari, tutalihitaji.

Kisha nikawauliza: hizi Albert zote tulizopanda leo ni mimea mingapi? Wakaanza kuhesabu mistari. Jibu nililolitaka ni mmoja. Pingili haichanganyi jeni za baba na mama, ni mwili uleule unaoendelea. Albert ya shamba la jirani, ya ng'ambo ya bonde na hii yetu ni mmea mmoja uliokatwakatwa. Kirusi kilichojifunza kuingia kwenye mmoja kimejifunza kuingia kwenye yote.

Jioni nikawapa historia, kwa sababu bila hiyo shamba hili halieleweki. Muhogo ni wa Amerika Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16. Virusi vinavyouumiza hapa, vya batobato (ugonjwa wa mabaka ya njano kwenye majani) na vya michirizi ya kahawia, havikusafiri nao. Ni vya Afrika, vilikuwa kwenye mimea ya huku, mgeni akaletwa vikamhamia. Batobato iliandikwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1894, na Mjerumani Warburg, katika nchi hii hii ilipokuwa koloni lao. Michirizi ya kahawia iliandikwa na H. H. Storey mwaka 1936, kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Kwa hiyo seli za muhogo na virusi hivi hazijajuana kwa mamilioni ya miaka. Wamekutana juzi, na wanazoeana mbele ya macho yetu.

Januari

Shule zimefunguliwa. Miche imechipua vizuri. Mvua ilitufukuza shambani, tukafanya zoezi la kunakili.

Kila mwanafunzi alipewa utepe wa karatasi wenye herufi nne tu zilizorudiwarudiwa bila mpangilio: A, U, G, C. Anaunakili, anampa wa nyuma yake nakala, anabaki na wa kwake. Niliwapa muda mfupi makusudi. Utepe wa mwisho ukabandikwa chini ya ule wa kwanza. Palikuwa na herufi zilizobadilika, na sehemu moja mtu aliruka kipande kizima, aliyefuata akaona nafasi ndogo akajaza la kwake. Darasa likacheka sana.

Utepe huo ni mfano wa RNA, kemikali inayobeba maelekezo ya virusi vingi, na ndivyo virusi vya RNA vinavyonakiliwa. Kimeng'enya chao cha kunakili hukosea takriban mara moja kati ya kila herufi 10,000 hadi milioni moja, na wengi wao hawana wa kusahihisha. Kirusi cha michirizi ya kahawia kina herufi 9,000 hivi. Ndani ya jani moja vinazaliwa virusi vingi mno, na miongoni mwao kuna wenye herufi tofauti. Wengi wa hao wanakuwa vilema. Mmojammoja anakuta kwamba kosa lake limempatia njia ambayo wenzake hawana. Virusi hivi viko spishi mbili, na uchambuzi wa jenomu zao (yaani utepe mzima wa maelekezo) uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba moja, CBSV, inabadilika kwa kasi kuliko mwenzake UCBSV.

Msichana mmoja akauliza swali ambalo limenilipa mshahara wa mwezi: kama makosa ndiyo yanayokisaidia, si bora kikosee zaidi? Hapana. Makosa yakizidi, utepe wote unakuwa takataka. Na hapa ndipo mnyaa unapoingia.

Ndani ya seli kuna herufi nzima na herufi zilizoharibika. Ikinakiliwa herufi mbovu, kosa linazaliwa. Seli za bakteria, za mimea na zetu sisi zina kimeng'enya cha kuzichambua na kuzitupa zile mbovu kabla hazijatumika. Virusi vya RNA kwa kawaida havina kitu kama hicho. Mwaka 2009 mtafiti wa Kitanzania, Deusdedith Mbanzibwa, na wenzake waliposoma jenomu ya kirusi cha michirizi ya kahawia walikikuta humo, kipande kinachoitwa Ham1, cha jamii ileile inayopatikana kwenye seli. Mwaka 2019 ikaonyeshwa maabara kwamba kweli kinavunja herufi mbovu, na kwamba kwenye mmea wa majaribio wa jamii ya tumbaku ndicho kinachochangia kufisha tishu. Kipande kama hicho kimekutwa pia kwenye kirusi cha Euphorbia, ndugu wa mnyaa wetu. Kirusi kimechukua chombo cha seli kikakifanya chake, na kimefanya hivyo kwenye ukoo huu huu wa utomvu mweupe.

Wizi huo unakwenda pande zote mbili. Takriban asilimia 8 ya jenomu ya binadamu ni mabaki ya virusi vya kale vilivyojipachika kwenye mbegu za uzazi za mababu na vikabaki humo. Protini ya sinsitini, inayounganisha seli za kondo la nyuma mtoto akiwa tumboni, inatokana na jeni ya kirusi iliyokuwa kazi yake kuunganisha kirusi na seli. Darasa likanyamaza, halafu mmoja akasema, "Mwalimu, kwa hiyo mama yangu alinizaa kwa msaada wa kirusi?" Nikamwambia aandike hivyohivyo, iende ukutani.

Februari

Kupalilia. Mbuzi wa jirani ameingia mara nyingine tena, safari hii amekula Kiroba. Hana ubaguzi wa kisayansi.

Tumeanza kuangalia nzi weupe. Unageuza jani la juu kwa vidole viwili, polepole, bila kivuli chako kulipita, la sivyo wanaruka wote. Wamekaa chini ya jani wametulia, wadogo kuliko punje ya ulezi. Ndio wanaobeba virusi vya magonjwa yote mawili, ingawa michirizi ya kahawia inasafiri mbali zaidi kwa pingili za mtu kuliko kwa mdudu.

Batobato imeonekana shamba la pili kutoka kwetu, majani yamejikunja na kuwa na mabaka ya njano. Tulikwenda kuliangalia kwa ruhusa ya mwenye shamba. Kirusi chake ni cha DNA, kemikali ileile inayobeba jeni zetu, duara mbili ndogo zenye herufi kama 2,700 kila moja, na hakina kimeng'enya chake cha kunakili. Kinaazima cha seli. Hilo ndilo la kushika. Kwenye miaka ya 1990 muhogo wa Uganda uliangamia kwa batobato kali, na mwaka 1997 ilionekana kwamba kirusi husika kilikuwa mseto: virusi viwili tofauti vilikutana ndani ya mmea mmoja, vikabadilishana vipande. Seli iliyougua mara mbili ikawa jiko la ugonjwa wa tatu.

Na muhogo ulijibuje? Kuna aina za muhogo za wakulima wa Afrika Magharibi ambazo batobato haiziwezi. Wataalamu walitumia kinga hiyo kwa miaka mingi bila kujua inatokana na jeni gani. Mwaka 2022 ikapatikana: herufi imebadilika kwenye jeni ya kimeng'enya cha seli cha kunakili DNA, kilekile ambacho kirusi hukiazima. Mmea unaendelea kujinakili, kirusi kinashindwa. Na kwenye aina tofauti za muhogo mabadiliko hayo si yaleyale, ila jeni ni ileile. Yaani jambo hilo limetokea zaidi ya mara moja.

Sasa jiulize limetokeaje kwenye mmea unaopandwa kwa pingili, bila kuchanganya jeni. Huenda chipukizi moja kwenye shina moja lilibadilika, mkulima akaona tawi lisilo na mabaka, akakata pingili hapo. Nilisema Desemba kwamba Albert zote ni mmea mmoja. Bado ni hivyo, lakini kuna mlango mdogo, na anayeshika komeo ni mwenye panga.

Machi

Ukuta. Rangi tumepata ya buluu na ya kahawia tu, inatosha.

Mabishano yalikuwa juu ya picha ya kufuli na ufunguo, ile ya vitabuni: kirusi ni ufunguo, kipokezi cha seli, yaani protini ambayo kirusi hukishika ili kiingie, ni kufuli. Siipendi. Kufuli la dukani halibadiliki eti kwa sababu mwizi amepata ufunguo. Kipokezi kinabadilika, na kikibadilika kinaweza kumfungia nje hata mwizi ambaye hakikumjua. Vijana wakataka mfano wa kwetu, na kwa bahati Newala ina mfano ambao dunia nzima inaujua.

Chikungunya, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu, ilielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda huu wa Makonde. Kirusi kilitengwa mwaka 1953, na maelezo ya Marion Robinson na W. H. R. Lumsden yakachapishwa mwaka 1955. Jina lenyewe ni la Kimakonde, linasema jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo. Nusu ya darasa walikuwa hawajui kwamba ugonjwa unaoripotiwa India na Brazil ulipewa jina hapa.

Kirusi hicho hushika protini ya seli iitwayo Mxra8, iliyotambuliwa mwaka 2018. Miaka miwili baadaye watafiti wakaonyesha kwamba ng'ombe ana Mxra8 yenye nyongeza ya asidi amino 15 (vipande vinavyojenga protini), na nyongeza hiyo inamzuia kirusi kushika. Wakaipachika kwenye kipokezi cha panya, maambukizi yakapungua. Si lazima chikungunya yenyewe ndiyo iliyomfanya ng'ombe awe hivyo, mlango unaweza kubadilika kwa sababu nyingine kabisa na bado ukakataa.

Upande wa kirusi tumechora mbu. Mwaka 2005 na 2006 kwenye kisiwa cha Réunion chikungunya ilipata takriban theluthi ya watu. Kisiwani aliyejaa ni Aedes albopictus, si Aedes aegypti tuliyemzoea. Herufi moja ikabadilika kwenye protini ya ganda la kirusi, asidi amino ya 226 ikawa valini badala ya alanini, na kirusi kikaingia kwenye seli za tumbo la mbu huyo kwa urahisi zaidi. Mchoraji wetu ameandika 226 kubwa kuliko mbu mwenyewe. Tumeiacha.

Aprili

Mitihani. Mvua nyingi. Hakuna la kuandika.

Juni

Majani ya chini ya Albert yana njano kando ya mishipa, njano iliyotawanyika kama haina mpaka. Majani ya juu ni mazima, hayajajikunja wala kupungua. Ndiyo ubaya wa ugonjwa huu: mtu asiyeujua atasema majani yamezeeka. Kiroba ina jani mojamoja lenye dalili. Namikonga sijaona kitu.

Bibi mwenye shamba la ng'ambo ya uzio alipita. Vijana wakamwamkia, akaingia bila kuombwa, akaanza kupapasa mashina kwa kidole gumba.

"Mnatafuta nini kwenye majani, wajukuu zangu?"

"Ugonjwa, bibi."

"Ugonjwa hauangaliwi kwenye jani. Angalia gome, halafu subiri jembe. Mimi pingili nakata kwenye mti wenye ngozi safi na mihogo mingi. Mwingine nautupa."

Kanuni yake ni nzuri na ina shida moja, na shida hiyo ndiyo kiini cha mradi wetu. Mti wenye ngozi safi unaweza kuwa umekikataa kirusi, au umekibeba bila kuumwa. Kiroba ni wa namna ya pili. Ukichagua kwa jicho unachagua wavumilivu, na mvumilivu anakihifadhi kirusi shambani mwaka baada ya mwaka, nzi weupe wanakipeleka kwa Albert ya jirani. Siwezi kumlaumu bibi, kwa kuwa muhogo mvumilivu unalisha nyumba, na uchaguzi wa namna hiyo ndio uliotupatia aina zote tunazolima. Kirusi nacho ndani ya Kiroba kina maisha marefu, hakina haraka ya kuua. Na kuna bahati ambayo bibi hakuitaja ila kisu chake kinaitumia: kirusi hakienei sawasawa mwilini, kwa hiyo hata mti mgonjwa unaweza kutoa pingili isiyo nacho.

Namikonga ni habari nyingine. Pale Amani, kuanzia miaka ya 1930, walizalisha muhogo na jamaa yake wa porini, Manihot glaziovii, mti wa mpira, kisha wakaurudisha kwa muhogo tena na tena hadi upate mizizi ya kuliwa. Namikonga ni wa uzao huo, na Kaleso wa pwani ya Kenya anafanana nao kijeni. Sasa glaziovii pia ni wa Amerika Kusini. Huko kwao haukuwahi kukutana na kirusi hiki. Kinga yake haikutengenezwa kwa ajili ya kirusi hicho, imetokea tu kufaa. Hilo limenisumbua usingizi kuliko jambo lolote la mradi huu, kwa uzuri.

Kwa ndani, seli ya muhogo ikiona RNA ya nyuzi mbili, ambayo ni alama ya kirusi kinachojinakili, inaikata vipande vifupi vya herufi 21 hadi 24, kisha inatumia vipande hivyo kusaka na kukata RNA nyingine inayofanana. Kirusi cha michirizi ya kahawia kina protini iitwayo P1 inayoivuruga kazi hiyo. Kila upande una silaha iliyotengenezwa kwa kipimo cha mwenzake. Tumelichora hili karibu na mlango, mahali pa kuonekana.

Oktoba, mavuno

Miezi kumi imetimia. Msimu wa korosho umewavuta nusu ya wanachama, waliobaki wametosha.

Tulianza na Albert. Shina lilikuwa na mihogo ya kutosha, kwa nje mizuri, michache yenye mikunjo. Kijana wa panga akaikata kwa upana. Nyama nyeupe, kisha doa la kahawia linaloelekea njano, kavu, gumu kiasi kwamba ubapa wa kisu unakwaruza. Mhogo wa pili vivyo hivyo, wa tatu mzima kabisa, wa nne umeoza robo yake. Kutoka nje huwezi kuutofautisha. Mwalimu wa kilimo alisogea, akachukua kipande, akakinusa, akasema huu hata makopa hautengenezi.

Kiroba: madoa madogo hapa na pale, sehemu kubwa inalika. Namikonga: safi. Bibi alikuja kuangalia, akaguna kwamba hiyo safi kwetu imezaa michache. Ni kweli kwenye shamba letu.

Ukazuka ubishi wa nini kirudi ardhini Desemba. Mwalimu wa kilimo anataka Namikonga peke yake, mstari kwa mstari. Mimi nimekataa. Shamba lote likiwa mmea mmoja, kirusi kinachokosea herufi kila siku kina mtihani mmoja tu wa kufaulu, na muda wote wa kuurudia. Tumekubaliana hivi: Namikonga nusu, Kiroba iliyokatwa kwenye mashina ambayo mizizi yake tumeikata na kuiona safi, basi. Hakuna pingili inayoingia bila mzizi wa mama yake kupasuliwa kwanza. Albert zilizougua zimechomwa moto, na bibi amechukua Namikonga za kujaribu kwenye kona ya shamba lake.

Karibu na minyaa kuna mche uliojiotea kwa mbegu, haufanani na yoyote kati ya aina zetu tatu. Mwalimu wa kilimo aliuita gugu. Tumeuwekea kijiti na kibao chenye namba, na uzio mdogo wa kumzuia mbuzi. Tutaupasua mizizi mwakani.

Yaliyobaki: kumalizia kona ya ukuta yenye Ham1, kutafuta rangi ya njano, na kumwomba mkuu wa shule ruhusa ya wazazi kuingia maabara siku ya mahafali ya kidato cha nne.